Kifurushi kikubwa hakitibu kebo mbovu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hapa Mwanza, kuanzia studio za video za harusi hadi maduka ya steshenari na nyumba za kawaida zenye kompyuta mbili tatu, kilio ni kimoja: faili linatoka meza hii kwenda meza ile, hatua nne tu, lakini linachukua nusu siku kufika. Mwenye nyumba akiuliza, anaambiwa aongeze kifurushi cha intaneti. Analipa, mwezi unakatika, faili bado linajikokota. Sisi tunaofanya kazi ya kutandaza mitandao ya majumbani tunasema ushauri huo ni wa makosa, na tungependa kueleza kwa nini, na mtu afanye nini badala yake.

Faili linapotoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba ileile, haliendi kwenye intaneti. Linapita kwenye kebo, kwenye swichi (kisanduku cha kuunganishia kebo za kompyuta, si cha taa) au ruta, na kwenye hewa ya Wi-Fi iliyo ndani ya kuta zako. Hata intaneti ikikatika kabisa, litafika. Kwa hiyo kile kipimo cha kasi ambacho watu hukifungua kwenye simu hakiwasaidii kitu hapa, maana kinapima njia ya kutoka nje ya nyumba. Na kuna wanaojiletea shida kwa njia nyingine: mtu yuko sebuleni, anamtumia mwenzake wa chumbani video kwa WhatsApp. Video hiyo inasafiri hadi kwenye mashine zilizo mbali, inarudi, na bando limeliwa mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Hapo kasi ya intaneti inahusika kweli, lakini dawa ni kuiacha njia hiyo na kushirikisha folda ndani ya mtandao wa nyumbani.

Tuanze na hesabu, kwa sababu malalamiko mengi huishia hapo. Kasi ya mtandao huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini kompyuta inaponakili faili huonyesha megabaiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Mlango wa mtandao, yaani tundu la kebo, ulioandikwa 100 hutoa megabaiti 12.5 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasi, na ukiondoa biti za anwani na za ukaguzi zinazosafiri pamoja na faili, zinabaki kama 11. Mlango wa 1000, ule tunaouita wa giga, hutoa kama 110. Anayeona 11 kwenye mtandao wa 100 hana ugonjwa wowote, mtandao wake unafanya kila unachoweza. Sasa chukua kadi ya kamera yenye gigabaiti 64 za video ya harusi. Kwa megabaiti 110 inahama kwa chini ya dakika 10. Kwa 11, ni saa moja na dakika 37. Kwa 3, kasi ambayo kompyuta mbili zilizounganishwa kwa Wi-Fi ya zamani huipata sana, ni karibu saa 6.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha barabara na ghala. Barabara ni mtandao, ghala ni diski za pande mbili. Iko programu ya bure iitwayo iperf3 ambayo hutuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi kumbukumbu ya nyingine bila kuigusa diski. Iwekwe kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye ya kwanza andika iperf3 -s, nayo itakaa ikisubiri. Kwenye ya pili andika iperf3 -c ikifuatwa na anwani ya ile ya kwanza, mfano iperf3 -c 192.168.1.10. Ikigoma kuunganika, mara nyingi ni kinga ya Windows (firewall) imeziba, basi iruhusu programu hiyo, au ufungue mlango namba 5201 ndani ya mipangilio ya kinga hiyo, si tundu la kebo. Ukishapata jibu, rudia ukiongeza -R mwishoni ili upime na upande wa kurudi, kwa kuwa kebo yenye kasoro huweza kwenda vizuri upande mmoja na kusumbua upande wa pili.

Majibu yasomwe hivi. Ukipata kama megabiti 940, barabara ya giga ni nzima, usiiguse, nenda kaangalie diski. Ukipata 94, umepata mtandao wa 100 ulio mzima, na swali linakuwa: je, vifaa vyangu ni vya 100, au kuna kitu kinavishusha? Ukipata namba inayopanda na kushuka kila sekunde, 600, mara 150, mara 400, basi vipande vya data vinapotea njiani na kutumwa upya, au kompyuta yenyewe imelemewa. Ukipata chini ya 10 kwenye kebo, kuna kitu kimeharibika hasa: mlango uliopigwa na radi, kichwa cha kebo kilicholegea, au upande mmoja umelazimishwa kasi kwa mkono huku wa pili umeachwa uchague wenyewe. Hili la mwisho ni kosa la watu wanaopenda kuchezea mipangilio. Kadi ya mtandao ikilazimishwa 100 ya kutuma na kupokea kwa pamoja, swichi ya upande wa pili haipati majibu ya mazungumzo ya kuchagua kasi, hivyo inachukulia kuwa ni kutuma na kupokea kwa zamu, na pande mbili zinagongana siku nzima. Rudisheni mipangilio ya kujichagulia pande zote mbili.

Kujua kompyuta imeunganika kwa kasi gani hakuhitaji fundi. Kwenye Windows fungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, uandike Get-NetAdapter, uangalie safu ya LinkSpeed. Kwenye Linux ni ethtool ikifuatwa na jina la kadi. Ikisema 100 wakati kadi ni ya giga, lawama ya kwanza iende kwa ruta, ya pili kwa kebo.

Ruta nyingi za bei ya chini zina milango ya 100 tu, hata pale kasha linapojisifu kwa mamia ya megabiti, kwa maana namba hizo ni za Wi-Fi. Hapa tiba ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, wala ruta haihitaji kutupwa. Nunua swichi ndogo ya giga yenye milango 5. Kompyuta zote zichomekwe kwenye swichi, kisha kebo moja tu itoke kwenye swichi iende kwenye ruta. Faili la kompyuta kwenda kompyuta litapita ndani ya swichi kwa kasi ya giga bila kufika kwenye ruta, na ruta itabaki na kazi ya intaneti. Mwenye kompyuta mpakato isiyo na tundu la mtandao, anayetumia kile kiunganishi cha USB, asome maandishi yake vizuri: vingi vya bei poa ni vya 100, na hata kile cha giga kikichomekwa kwenye tundu la USB 2.0 hakitavuka kama megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde.

Kwenye kebo ndipo penye mambo mengi, na ndipo tunapotaka wasomaji wako watusikilize zaidi. Mtandao wa 100 hutumia nyaya 4 kati ya 8, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Giga hutumia zote 8, yaani jozi nne. Waya mmoja wa pini ya 4, 5, 7 au 8 ukikatika, mtandao haufi. Vifaa vya pande mbili vinajaribu giga, vinashindwa, vingi vinashuka hadi 100 kimyakimya, taa inaendelea kuwaka, na mwenye nyumba anakaa miaka hajui. Jambo hilohilo hutokea pale fundi alipobanwa na uhaba wa kebo akaigawa moja kwa kompyuta mbili, jozi mbili kila upande, au pale wafungaji wa kamera za ulinzi walipotumia jozi mbili kupeleka umeme kwenye kamera. Kamera inaridhika na jozi mbili zilizobaki. Lakini kebo hiyo ikija kuchomekwa kompyuta, giga haitaipata.

Kosa baya zaidi ni la kupanga rangi. Nyaya za ndani ya kebo zimesokotwa mbili mbili kwa makusudi: kelele inayoingia kwenye waya mmoja inaingia na kwenye mwenzake, na upokezi unaifuta. Mtu asiyejua hupanga rangi kwa kufuatana, jozi ya chungwa, jozi ya kijani, jozi ya bluu, jozi ya kahawia, pini 1 hadi 8, na kufanya vilevile upande wa pili. Kile kipima kebo cha taa nane kitawaka vizuri kabisa, 1 mpaka 8, kwa sababu kinaangalia kama waya umefika, hakiangalii umesokotwa na waya upi. Kumbe pini ya 3 na ya 6, ambazo lazima ziwe ndugu wa jozi moja, zimepewa nyaya za jozi mbili tofauti. Kelele inaingia, data inatumwa upya, kasi inadorora, na kebo ikiwa ndefu mtandao unaruka kila saa. Mpangilio sahihi unaotumika sana ni huu, kuanzia pini ya 1 huku kibanio cha plastiki cha kichwa kikiwa kimeangalia chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalieni kwamba bluu inaingia katikati ya jozi ya kijani. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye kichwa, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe pamoja, la sivyo nyaya ndizo zitakazobeba uzito kila kebo inapovutwa.

Kuna kebo madukani ambazo nyaya zake si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba juu. Viwango vya kebo za Cat5e na Cat6 haviikubali, lakini kasha limeandikwa hivyohivyo. Alumini hupinga umeme zaidi kuliko shaba, hukatika upesi ikikunjwa mara chache, na mahali penye unyevunyevu kama mwambao wetu hushika kutu yake nyeupe pale kichwa kilipoibana, hata mgusano ukafifia. Kuitambua ni rahisi: kwangua waya mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, rudisha. Kasha la mita 305 la alumini pia ni jepesi mkononi kuliko la shaba, ukiyabeba mawili utahisi tofauti. Kwa umbali, kikomo ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na vipande vya kuungia vikihesabiwa humohumo.

Kuhusu Wi-Fi tuwe wakweli: kwa mafaili makubwa haifai kama kebo ipo. Hewa ni moja na wote wanaipokezana. Kompyuta mbili zilizo kwenye Wi-Fi ya ruta moja zikipeana faili, kila kipande kinapita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kutoka ruta kwenda kwa mpokeaji, kwa hiyo kasi inagawanyika nusu hapohapo. Ndiyo maana tunashauri angalau kompyuta moja, ile yenye diski ya pamoja, iwe kwenye kebo. Vile vikuza mawimbi vinavyopokea na kurudisha kwenye masafa yaleyale vinaikata nusu tena.

Mwanza ina kuta zake pia. Nyumba za Bugando, Isamilo au Mabatini zimekaa juu ya mawe, nyingine zimeegemea mwamba wenyewe, na chumba cha chini kinatenganishwa na cha juu kwa jiwe na zege. Masafa ya 5 GHz yana kasi, lakini hapo hayapiti. Yale ya 2.4 GHz yanapenya kiasi, ila yamejaa ruta za majirani. Tumieni chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz. Chaneli 3 au 8 inagongana na majirani wa pande zote mbili. Tangi la maji likiwa kati ya ruta na kompyuta hunyonya mawimbi, na bati huyarudisha. Kwenye Windows, amri netsh wlan show interfaces itakuonyesha kasi ya kupokea na ya kutuma kwa wakati huo. Ikisema 54 kamili na haipandi, kaangalie usalama wa Wi-Fi: mtandao uliowekwa WEP au TKIP, kinga za zamani za Wi-Fi, haupati kasi za kuanzia kizazi cha 802.11n, ambacho kimekuwepo tangu 2009. Badilisheni kinga hiyo iwe WPA2 yenye AES. Na kama 5 GHz yako inakatika ghafla kisha kurudi baada ya dakika kadhaa, huenda ruta imejichagulia chaneli kati ya 52 na 144. Nyingi kati ya hizo ni za kugawana na rada, za hali ya hewa zikiwemo, na ruta inapohisi rada sheria inaitaka iondoke. Ihamishie chaneli 36 hadi 48.

Sasa ghala. Kipimo kikisema 940 na faili bado linaenda kwa megabaiti 20, mtandao hauna kosa. Flashi nyingi za bei ndogo huandika kwa megabaiti 5 hadi 10 kwa sekunde, ziwe na rangi ya bluu ya USB 3.0 kwenye kichwa au zisiwe nayo. Diski ya kuzunguka ikiwa nzima huandika faili moja kubwa kwa takribani megabaiti 80 hadi 160, lakini ikipewa picha 10,000 ndogo ndogo inaporomoka, kwa sababu kichwa chake kinaruka huku na huko, na kwa kila faili kompyuta mbili hizo huulizana kwanza: lipo? nifungue? nimemaliza? Picha nyingi ni bora zifungwe kwenye faili moja la zip bila kubanwa, zihamishwe, zifunguliwe upande wa pili. Au tumieni robocopy, amri ya kunakili ya Windows, inakili mafaili mengi kwa wakati mmoja, mfano robocopy D:\Harusi \\192.168.1.10\Kazi /E /MT:16. Kunakili kunakoanza kwa megabaiti 110 kwa nusu dakika halafu kukashuka hadi 15 si mtandao uliochoka. Ile kasi ya mwanzo ilikuwa ya kumbukumbu ya muda, ikajaa, na sasa unaona kasi halisi ya diski. Kingavirusi inayochungulia kila faili nayo hula sehemu yake. Izimwe kwa jaribio moja tu la faili unalolijua, kisha iwashwe. Na diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB la ruta ndogo itabanwa na ubongo mdogo wa ruta yenyewe, kwa hiyo ni bora ichomekwe kwenye kompyuta inayowashwa siku nzima.

Radi tunaitaja kwa uzito. Ziwa letu ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, hasa usiku. Kebo ya shaba inayopita nje kutoka nyumba kubwa kwenda nyumba ya wapangaji hukusanya msukumo wa umeme hata radi ikipiga mbali, na milango ya swichi huungua nusu: mlango unapitisha megabiti 10 au 100 tu, au unafanya kazi asubuhi na kugoma mchana. Kwenye milima ya mawe ni vigumu zaidi, kwa sababu fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, haizami kwenye mwamba, na nyumba mbili zenye ethi dhaifu huwa na tofauti ya umeme inayotafuta njia kupitia kebo yako. Kati ya jengo na jengo tandikeni faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga, na vigeuzi viwili vya kuunganisha faiba na kebo, kimoja kila upande. Faiba haina chuma cha kupitisha radi, mradi uchague isiyo na waya wa kuishikilia wa chuma, au waya huo ukatwe kabla haujaingia ndani. Tena pimeni adapta ya ruta: iliyoandikwa volti 12 ikibadilishwa kwa ya volti 9 kwa kuwa kichwa kinaingia, ruta itawaka lakini itajizima kila kazi ikizidi.

Tuna maombi mawili. Kwa wenye maduka ya kebo pale mjini: mteja akiomba, kata sentimita 10 mbele yake, mkwangue waya pamoja, na bei ya alumini iandikwe alumini. Kwa wanaojenga sasa hivi Kiseke, Buswelu au Nyegezi: kabla ya plasta, zika bomba la milimita 25 kutoka sebuleni hadi kila chumba chenye meza ya kazi, acha kamba ya kuvutia ndani, kona ziwe za mviringo, na lisilale sambamba na nyaya za umeme kwa karibu. Likilazimika kuzivuka, livuke kwa pembe ya mraba. Fundi akishavuta kebo, usimlipe kwa taa za kipima peke yake. Mwambie aunganishe kompyuta mbili, aendeshe iperf3 pande zote mbili mbele yako, uione ile 940.

Ni sisi,
Mafundi wa mitandao ya majumbani,
Kirumba, Mwanza.